Kilo Saba Nilizomficha Rubani

Walimu wenzangu, nimechoka kuhadithia. Tangu nirudi, kila anayeingia chumba cha walimu anavuta kiti na kusema, "Haya Sanduku Jeusi, tupe," nami nimeshatoa mara tisa, na mara zote tisa mwalimu wa Jiografia amenikatiza pale pale penye utamu. Basi naandika mara moja. Someni, halafu mniache nisahihishe madaftari.

Kwa wale waliohamia kituoni juzi wasiojua jina hilo limetoka wapi: ninalo daftari langu. Kwa miaka kumi na zaidi, kila redio ikitangaza kwamba ndege imeanguka mahali, mimi naandika. Aina ya ndege, nchi, walionusurika, na katika safu ya mwisho, sababu. Siku uchunguzi ukitangazwa, hata ikipita miaka miwili, narudi kujaza safu ile. Mnanicheka kwamba mtu hajawahi kupanda hata ngazi ya ndege lakini anajua kampuni ipi Afrika nzima ina rekodi mbaya. Chekeni. Mimi nilishaapa ni mtu wa basi. Basi likizima unashuka, unanunua muhindi wa kuchoma, unalaumu dereva. Ndege ikizima unamlaumu nani?

Halafu ikaja ile Jumanne ya mwezi wa tatu, 2014, mvua inanyesha kama ina kisasi na Kasulu. Shemeji yangu akapiga simu kutoka Dar es Salaam. Kaka Philbert, ambaye alikuwa amelazwa wiki ya pili kwa uvimbe tumboni, angepasuliwa Alhamisi asubuhi. Madaktari wanataka chupa mbili za damu ziwe tayari. Damu yake ni kundi O hasi, na mwenye damu hiyo hapokei nyingine yoyote. Chupa moja imepatikana kwa tabu. "Ya pili wamekosa kabisa," akasema. "Shemeji, si wewe na yeye mlipima ikawa moja?"

Ilikuwa moja. Katika ukoo mzima ni sisi wawili tu.

Wengi wenu hamumjui Philbert. Baba alipofariki mimi nilikuwa darasa la tatu, yeye la sita. Hakulimaliza la saba. Aliacha shule akaenda kufyatua matofali Rungwe Mpya ili mimi nivae sare. Hajawahi kunikumbusha hata siku moja, wala hajawahi kuhitaji kunikumbusha. Basi la Jumatano alfajiri lingenifikisha Dar Alhamisi usiku, tena kama barabara haijakatika. Nikakaa kitandani, nikalitazama daftari langu pale mezani, nikasema Mungu wangu, leo umenipata.

Heru Juu: kumuaga Mama

Jioni ile nilichukua bodaboda hadi Heru Juu kumuaga Mama. Nilikuwa nimeficha safari kwa watu wote, nanyi mnajua kwa nini. Hapa kwetu ukisema tu unakwenda Dar, kabla hujafunga zipu ya begi ameshafika mtu na kimzigo. "Kidogo tu, mwalimu, kampe mwanangu." Hicho kidogo ni debe.

Lakini Mama utamficha? Nilimkuta ameshaandaa maharage, unga wa muhogo na chupa tatu za asali. Nikamweleza kwamba ndege ya kesho kutoka Kigoma ni ndogo, ya abiria kumi na wawili, na begi halizidi kilo kumi na tano. Akanisikiliza vizuri sana. Akapakia unga na asali, begi likajaa. Maharage yakabaki.

"Haya basi yatabaki, Mama."

"Philbert hawezi kupona kwa chakula cha watu," akasema. "Ana wiki mbili hali kitu. Hajaona haya maharage, ndiyo maana."

Akaingia ndani, akatoka na mbeleko ya zamani, ile aliyonibebea mimi. Akaikunja, akaishona mistari mistari kama mkanda wa risasi, akamimina maharage humo kilo saba, akanifunga kiunoni juu ya fulana. Akanivalisha shati, akanivalisha koti. Akarudi nyuma kuniangalia.

"Wewe mwembamba," akasema. "Nani atajua?"

Ningeweza kukataa. Nasema wazi ili msije mkanitetea. Mtu mzima, mwalimu wa hisabati, mwenye daftari ambalo katika safu ya sababu nimeandika neno "uzito" kwa mkono wangu mwenyewe si mara moja wala mbili, nilisimama pale nikajiambia: kilo saba ni nini kwa ndege? Nikambusu Mama, nikaondoka natembea kama mtu aliyemeza kinu.

Kasulu hadi Kigoma

Tuliondoka na gari la Noah saa kumi alfajiri. Kiti cha kati nilipangwa na Mama Shani, yule mwenye duka la vitenge karibu na sokoni. Mzaliwa wa Tanga, amekaa Kasulu miaka ishirini na bado anatushangaa. Ni mama wa mwili, wa kicheko, na wa maneno. Naye alikuwa anapanda ndege ileile, anakwenda kufunga mzigo Kariakoo kabla ya wenzake.

Sikuweza kuinama. Gari likiruka shimo, mkanda unapanda mbavuni, likitua, unashuka. Nikawa nashika tumbo kwa mikono miwili. Mama Shani akanitazama kilomita kama kumi hivi, akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, ngiri hiyo."

"Hapana, mama, niko salama."

"Usione haya, mwanangu. Marehemu mume wangu alikuwa nayo, alikuwa akikaa hivyohivyo." Akatoa tangawizi kwenye mkoba, akaitafuna mwenyewe kwanza ilainike, Mungu ni shahidi yangu, halafu akanipa. Nikaila. Ningesema nini?

Kabla ya kufika lami tukakwama. Tope lilikuwa limekula tairi hadi nusu. Wanaume wakashuka kusukuma, mimi Mama Shani akanikataza, akawatangazia watu wote kwamba mwalimu ni mgonjwa. Nikasimama pembeni na wanawake, koti limefungwa vifungo vyote, jasho linanitoka, wazee wenye umri wa baba yangu wanasukuma gari. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda shamba akatusalimu, "Mwakeye!" akanitazama tumboni, akanionea huruma.

Tulipoondoka Mama Shani akataka hadithi. Kwa woga nikampa nilizokuwa nazo: ndege zilizogonga milima kwenye mawingu, zilizoishiwa mafuta, zilizorushwa na marubani wasiolala. Akanisikiliza mpaka ya tatu.

"Mwalimu," akasema, "una mke?"

"Ninaye."

"Anakuvumilia?"

Gari zima likacheka. Nikanyamaza mpaka Kigoma.

Uwanjani Kigoma

Ndege ilikuwa iondoke saa nne. Saa nne tukaambiwa mawingu Tabora. Saa tano, mawingu bado. Nikatoka nje nikala ugali wa muhogo kwa samaki mgebuka kwa mama ntilie, nusu sahani tu, maana mkanda haukuacha nafasi. Kila nikitazama saa nilikuwa naona ile chupa moja peke yake mahali fulani kwenye jokofu la hospitali.

Ndani kulikuwa na binti mwembamba wa shati jeupe, anapita na karatasi, anauliza kila abiria uzito wake. Begi linapimwa kwenye mzani. Mtu anataja kwa mdomo. Ndivyo walivyofanya. Wanakuamini.

Alipofika kwa Mama Shani, Mama Shani akampa chupa tupu ya soda. "Binti, nitupie hii. Sitini na mbili."

Binti akachukua chupa, akaandika sitini na mbili. Mimi nikasema sitini na tano, uzito niliopimwa mwaka nilioposa. Nyuma yangu afisa ardhi mmoja wa Kibondo, mtu wa Moshi, akasema sabini, na koti lake la mvua likagonga kiti likatoa sauti ya chupa. Hatukutazamana usoni.

Saa sita na robo tukaitwa. Binti akatutangulia, akatupa ile chupa ya soda kwenye pipa, akafungua mlango wa ndege, akasema, "Karibuni, mimi ndiye rubani wenu."

"Yallah!" Mama Shani akashika kifua. "Nimemtuma Kapteni jalalani!"

Nikawekwa kiti cha mbele, nyuma ya bega lake la kulia. Ndege yenyewe ina panga moja puani na ndani ni finyu kama ghala la mahindi. Mlango ukafungwa. Nikaanza Salamu Maria. Katikati ya sala nikamwona anaweka ile karatasi gotini, anachukua penseli, anaanza kujumlisha.

Walimu wenzangu, nimefundisha hisabati miaka kumi na tisa. Niliifuata penseli ile safu kwa safu. Alikuwa anajumlisha vizuri! Anabeba moja panapostahili, anarudia kuhakiki, mwandiko safi. Na hakuna namba hata moja pale iliyokuwa ya kweli. Mama Shani sitini na mbili! Mimi sitini na tano! Akapiga mstari chini, akatazama jumla, akaridhika. Akavaa vile vya masikioni.

Miaka yote ile nilikuwa najaza safu ya sababu kama hakimu: rubani huyu, kampuni ile, fundi yule. Sijawahi kumwandika abiria. Sikuwahi hata kumfikiria. Kumbe siku nyingine aliyekaa kiti cha mbele anasali Salamu Maria ndiye aliyeiangusha.

Lakini nikisema, je? Tukishuka, saa zinakwenda. Watu wa uwanja walikuwa wametuambia kwamba ikipita saa saba hatuondoki, kwa sababu ndege ile haisafiri na giza. Nikichelewesha, Philbert anapasuliwa na chupa moja. Nilinyamaza. Kusema kweli nilinyamaza mpaka akaweka kidole kwenye swichi ya injini, ndipo mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Kapteni, hiyo hesabu si sahihi."

Akageuka. "Samahani?"

"Kujumlisha umejumlisha sawa. Namba ndizo za uongo." Nikafungua koti, nikafungua shati, nikamwonyesha. "Haya ni maharage."

Halafu sauti ya Mama Shani kutoka nyuma: "Si ngiri?"

Kapteni hakucheka. Alivua vile vya masikioni, akazima kila alichokuwa amewasha, akasimama ameinama kwa sababu ya dari. "Nani mwingine?" akauliza. "Ndege hii inabeba kilichopo, haibebi nilichoandika. Nani mwingine?"

Akafungua mlango. "Sote chini."

Kwenye mzani wa mizigo

Tukapanga mstari kwenye mzani wa mizigo, mmoja mmoja, mbele ya wapagazi na watu wa uwanja. Afisa ardhi alitoa chupa sita za asali na kidumu cha mawese kwenye koti la mvua. Katekista wa Gwarama, mtu wa Mungu, alikuwa na dagaa kwenye soksi mpaka magotini. Kila kitu kikaachwa pembeni, mikanda, chupa, soksi, hadi mabegi yote, yaje na ndege ya Jumamosi. Maharage ya Mama nikayaweka sakafuni mwenyewe.

Kisha Mama Shani akapanda mzani. Mshale ukapita sitini na mbili bila hata kusalimia. Tisini na moja.

"Mzani wenu mbovu," akasema, lakini kwa sauti ndogo. Aliniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau. Mwanamke mwenye heshima zake, mji mzima unamjua, nimempandisha mzani kama gunia.

Kapteni akajumlisha upya. Saa saba kasoro dakika ishirini. Akakuna kichwa kwa penseli. "Mafuta siwezi kupunguza. Bado tumezidi. Mtu mmoja anabaki mpaka Jumamosi, au hatuondoki."

"Abaki aliyeanzisha," afisa ardhi akasema palepale. Wengine wakaitikia. Na walikuwa na haki.

Nikajaribu kusema neno, machozi yakatangulia. Ndipo nikawaambia, nimesimama shati wazi: kaka yangu, kesho asubuhi, chupa ya pili, mimi peke yangu. Niliwaambia kwamba sikutaka hata huruma, nilitaka tu wajue kwamba nikibaki, sibaki mimi, anabaki yeye.

Mama Shani akanikaribia. Nilidhani atanizaba kofi.

"Kwa nini hukusema tangu Kasulu?" akafoka. "Njia nzima nakutafunia tangawizi!"

"Nilikuwa na haya, mama."

"Haya! Mficha uchi hazai, mwalimu." Akamgeukia Kapteni. "Mimi nabaki. Kariakoo haihami. Tena nikibaki mimi, mama, umepunguza mtu na nusu."

Nikaanza kupiga magoti kumshukuru, akanivuta juu kwa kola. "Usinishukuru, nimekasirika bado. Sibaki kwa ajili yako. Nabaki kwa ajili ya huyo mgonjwa, ambaye hajanipandisha mzani. Panda ndege, saa inakwenda!"

Kapteni akaandika, akajumlisha, akahakiki. Saa saba kasoro dakika tano panga likazunguka.

Angani

Mnataka kujua angani kukoje. Kuruka kwenyewe kulikuwa kwepesi, nilihisi kabisa ile ndege inanyanyuka kabla ya mwisho wa lami, na nikajiuliza pale tulipoiachia ardhi tungekuwa wapi na yale mazigo yetu. Sikupata jibu na silitaki. Mawingu juu ya Malagarasi yalitutikisa hadi katekista akaanza wimbo wa mazishi kwa makosa, tukamwomba abadilishe. Tabora tulishuka dakika ishirini, nikanywa chai bila kuisikia ladha.

Cha ajabu ni hiki: sikuogopa. Mimi! Nilikaa nyuma ya bega la yule binti nikitazama mikono yake, na kwa mara ya kwanza nilijua kwamba anachokijua yeye kuhusu ndege ile na kilichomo ndani ni kitu kimoja. Nililala. Afisa ardhi anasema nilikoroma. Tulipogusa ardhi Dar, jua bado liko juu kidogo, nilipiga makofi peke yangu kama mshamba, na sijuti.

Nilimsubiri Kapteni chini ya ngazi nimwombe radhi. Akasema, "Mwalimu, nimerusha ndege miaka sita. Sijawahi kuambiwa na abiria." Akanipa mkono. Ukali ulikuwa bado upo usoni, lakini mkono ulikuwa mzuri.

Hospitali

Saa moja jioni nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha kutolea damu, mkono umenyooshwa, naiangalia mirija inavyojaa. Nesi akaniambia nisiangalie, wengine huzimia. Nikamwambia dada, niache, nimeisafirisha mbali.

Alhamisi wakampasua. Walimchukua saa tatu, wakamtoa saa saba. Daktari alituita mimi na shemeji kwenye korido, akasema uvimbe umetoka wote, na kwamba katikati ya kazi alivuja kuliko walivyotarajia. "Chupa zote mbili zimetumika," akasema. Shemeji akanishika mkono akaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Nilimwona daktari anaondoka na sikuweza kumwambia hata ahsante. Nikakaa chini, palepale sakafuni, nikacheka na kulia kwa pamoja, na watu wakanipita kama vile ni jambo la kawaida hapo, na nadhani ndivyo lilivyo.

Jumamosi Philbert akafumbua macho vizuri. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Akataka kujua nimefikaje, maana yeye ndiye wa kwanza kunicheka na daftari langu. Nikamsimulia yote, mkanda, mzani, Mama Shani. Aliponisikia nimefika pale kwenye swichi ya injini, hakucheka. Akanikatiza.

"Kwa hiyo ungeweza kubaki Kigoma."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa huku."

"Ndiyo, kaka."

Alitazama dari. Nilijua anaijua hesabu yenyewe: chupa mbili, zote zimetumika. Nikasubiri anachotaka kusema, nikiwa tayari kukipokea, maana kilikuwa haki yake kuliko ya mtu yeyote duniani.

"Mimi ningenyamaza," akasema.

Nikamwekea shuka vizuri.

"Ningenyamaza kabisa. Ningeyakalia hayo maharage mpaka Dar." Akavuta pumzi, ikamuuma, akangoja ipite. "Ndiyo maana nilikusomesha wewe."

Akageuza uso wake ukutani, nami wangu dirishani, tukakaa hivyo tukisubiri kila mmoja amalize. Nje wauza machungwa walikuwa wanagombana. Halafu nikamsikia anajikohoza.

"Gervas."

"Naam, kaka."

"Niitie nesi. Nasikia njaa."